UKUTA UNAOBOMOLEWA
Uhakiki wa Mafunzo ya Ujenzi kwa Vitendo katika Pwani ya Tanga

Utangulizi

Hakuna maneno ambayo sisi wakufunzi wa siasa tunayatamka mara nyingi kuliko "nadharia na vitendo". Tunayaandika ubaoni, tunayarudia katika semina za makada, na mwanachuo anayeyaweka katika karatasi yake ya mtihani hupewa alama bila ya maswali mengi. Lakini ni mara chache tunajiuliza kitendo hasa ni nini. Je, kila mkono unaosogea unatenda? Makala hii inalichunguza swali hilo mahali ambapo jibu lake linaweza kupimwa kwa timazi na pimamaji, yaani katika mafunzo ya ufundi wa ujenzi, na mfano tunaouchukua ni Mkoa wa Tanga na pwani yake.

Suala hili si dogo. Serikali inayoongozwa na Chama chetu imeamua kujenga vyuo vya ufundi stadi katika wilaya zaidi ya 60 zilizokuwa hazina vyuo hivyo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeingiza mkondo wa amali katika shule za sekondari, na utekelezaji wake ulianza mwaka 2024. Maana yake ni kwamba namna yetu ya kufundisha ufundi, pamoja na uzuri wake na makosa yake, sasa inapelekwa kila wilaya. Kosa lililokuwa katika vyuo vichache likiachwa bila kusahihishwa, litakuwa kosa la nchi nzima. Kwa hiyo wakati wa kukosoa ni sasa, kabla zege halijakauka.

Ukuta wa chokaa

Katika karakana ya chuo kimoja cha pwani, ambacho hakuna haja ya kukitaja, nilikaa asubuhi nzima nikiwatazama wanachuo wa uashi wakijenga kona ya ukuta. Kazi yao ilikuwa safi. Walivuta uzi, wakahakikisha pembe mraba kwa kipimo cha tatu, nne na tano, wakapanga matofali kozi kwa kozi, na kila baada ya kozi chache mmoja wao alishusha timazi. Mwalimu alipita, akapima, akaandika alama katika daftari lake. Baada ya chakula cha mchana wanachuo wale wale wakaubomoa ukuta ule, wakayakwangua matofali na kuyapanga pembeni ili yatumike tena siku nyingine.

Jambo hili linawezekana kwa sababu udongo wa kushikizia matofali hayo hautiwi saruji. Ni chokaa na mchanga tu. Chokaa hukauka polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa, na kwa hiyo mchana ule ule tofali hubanduka bila kuvunjika. Utaratibu huu unatumika katika vyuo vingi duniani, na sababu yake inaeleweka: saruji ni ghali, matofali ni ghali, na mkono wa mwanafunzi hauwezi kuzoea mwiko bila kurudia kazi ile ile mara nyingi. Hatuwalaumu walimu wa karakana. Wanafanya waliloweza kwa vifaa walivyopewa.

Lakini hapana budi tuulize: kijana aliyejenga kuta thelathini na kuzibomoa zote amejifunza nini, na hakujifunza nini?

Amejifunza kushika mwiko, kufuata uzi na kuheshimu timazi. Hayo ni mambo ya msingi. Hakujifunza kumwagilia, kwa sababu ukuta wake haukuwahi kufika siku ya pili, sembuse siku saba ambazo kazi ya saruji inahitaji maji, au siku 28 ambazo mafundi na wahandisi huzitumia kupima nguvu ya zege. Hakujifunza msingi, kwa sababu sakafu ya karakana imenyooka tayari, wakati ardhi ya Tanga ina matumbawe mahali pamoja, kichanga mahali pengine na mfinyanzi unaovimba na kupasuka hatua chache kutoka hapo. Hakujifunza kuukataa mchanga wa ufukweni, ambao chumvi yake hula nondo ndani ya zege mpaka lenta ipasuke, kwa sababu ukuta wa karakana hauna nondo wala hauna miaka ya kuishi. Hakujifunza kukadiria vifaa na kumweleza mwenye nyumba kwa nini mifuko aliyonunua haitoshi.

Zaidi ya yote hakujifunza lawama. Ukuta unaobomolewa jioni haumdai mtu yeyote. Hakuna mama atakayelala chini yake, hakuna mtoto atakayeuegemea. Kosa lake linagharimu alama mbili katika daftari. Fundi wa kweli ni yule anayejua kwamba kosa lake litabaki limesimama pale barabarani, na watu watapita wakilionyesha kwa kidole.

Somo lisiloandikwa katika mtaala

Kuna somo jingine ambalo ukuta huu unafundisha kimya kimya, nalo ni la hatari katika siasa yetu. Kwa muda wote wa mafunzo kijana anaona kwamba chokaa ni udongo wa kuchezea na saruji ni udongo wa kujengea. Anatoka chuoni akiamini kwamba chokaa ni kitu cha kupaka ukutani siku ya sikukuu.

Hebu kijana huyu asafiri mwendo mfupi kusini ya mji wa Tanga, afike Tongoni. Atakuta msikiti na makaburi ya karne ya 14 na ya 15, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, mamia ya miaka kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kufika pwani yetu. Nguzo kadhaa za makaburi zimeanguka, lakini kuta zingine zimesimama mpaka leo mbele ya upepo wa bahari. Akiendelea hadi Pangani ataona nyumba za karne ya 19 za namna hiyo hiyo. Hatuzitaji kwa kuwatukuza waliozimiliki. Tunafahamu kwamba utajiri wa Pangani wa wakati ule ulitokana na jasho la watumwa katika mashamba ya miwa na katika biashara ya kuuza binadamu. Lakini waliochoma chokaa, wakaizima kwa maji, wakaiacha ikomae na kuipiga ukutani walikuwa mafundi wa pwani hii. Ujuzi ni wao, na warithi wake ni wananchi.

Mwaka 1977, alipoitathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliwakosoa watu wanaokataa nyumba ya matofali ya kuchoma na vigae, wakakaa miaka wakisubiri bati na saruji, ambayo wananchi waliiita udongo wa Ulaya. Aliona kwamba hicho ni kifungo cha mawazo. Je, ukosoaji ule bado una maana? Mtu atasema hauna, kwa kuwa saruji si ya Ulaya tena: kiwanda cha Pongwe kilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mawe yake yanachimbwa katika ardhi ya Tanga. Hoja hiyo ni ya kweli, na ujamaa haukuwahi kuwa uadui dhidi ya saruji. Lakini kiini cha ukosoaji wa Mwalimu hakikuwa mfuko. Alikuwa akimsema mtu asiyejua kwa nini anatumia anachotumia. Kijana anayepiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa kale wa chokaa, akafungia unyevu na chumvi ndani mpaka ukuta ule uanze kumong'onyoka, ametumia saruji ya Pongwe kwa mawazo ya udongo wa Ulaya.

Ndugu zetu wa Zanzibar wanajua uzito wa jambo hili. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka wakati likifanyiwa matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Hatuna haja ya kutafuta mchawi. Inatosha kukumbuka kwamba majengo ya kale yanahitaji mafundi wanaoyafahamu, na mafundi hao hawawezi kutoka katika karakana ambako chokaa ni mchezo.

Tahadhari moja inahitajika hapa. Kurudisha ujuzi wa chokaa hakuna maana ya kurudi baharini kuvunja matumbawe hai na kukata mikoko ya kuyachomea. Hilo lingekuwa kuharibu mazalia ya samaki na kumnyang'anya mvuvi riziki yake. Tanga ina mawe ya chokaa nchi kavu, huko Amboni na sehemu za jirani.

Makosa mawili katika historia yetu

Mtu anaweza kudhani kwamba mafunzo yasiyo na kazi halisi ni urithi wa ukoloni. Historia haituruhusu kusema hivyo kwa wepesi. Wajerumani walifungua shule ya serikali mjini Tanga katika miaka ya mwanzo ya 1890, wakati ule ule walipoanza kujenga reli ya kwenda Usambara, na shule ile ikawa na mafunzo ya kazi za mikono. Gazeti la Kiongozi lilichapwa hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Wanafunzi hawakuchapa karatasi ili zichanwe jioni. Zilisomwa. Kazi ilikuwa halisi kabisa, lakini ilikuwa kazi ya nani? Ilikuwa ya dola la kikoloni, lililohitaji makarani, maseremala na wachapaji wa kulitumikia. Somo tunalolipata ni kwamba uhalisi wa kazi peke yake hautoshi. Lazima tuulize vile vile kazi hiyo inamnufaisha nani.

Baada ya uhuru Chama kilijibu swali hilo la pili kwa ujasiri. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 na Azimio la Musoma la mwaka 1974 yalitaka shule iwe sehemu ya jamii inayozalisha. Sheria ya mafunzo ya ufundi ikapitishwa mwaka 1974, na kuanzia mwaka 1975 vikaanzishwa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo katika mkoa huu vipo Handeni na Kiwanda, Muheza. Nia ilikuwa sahihi. Lakini katika kutekeleza tulifanya kosa letu wenyewe, na Chama kisichokiri kosa hakiwezi kulisahihisha. Mahali pengi kazi ikabaki na mafunzo yakatoweka. Wanafunzi walibeba mawe, walichota maji, walilima shamba la shule, na jioni walirudi bweni bila kuelezwa kwa nini jiwe hili limewekwa hapa na lile pale. Katika msaragambo wa kijiji vile vile mia walibeba na fundi mmoja alijenga, na jengo lilipokwisha kijiji kilikuwa na darasa jipya lakini bado kilikuwa na fundi yule yule mmoja.

Hivyo tumepita katika makosa mawili yanayotazamana. Kosa la kwanza ni kazi bila mafunzo. Kosa la pili, ambalo ndilo la karakana ya leo, ni mafunzo bila kazi. Tulipolikimbia la kwanza tukaangukia katika la pili. Dawa ya makosa yote mawili ni moja: kazi halisi, kwa manufaa ya wananchi, inayofanywa na mwanafunzi chini ya fundi mwenye wajibu wa kueleza.

Darasa lililokuwa mlangoni

Mfano mkubwa tunao. Mwaka 2021, kwa fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa katika mapambano dhidi ya UVIKO-19, ambazo zilikuwa shilingi trilioni 1.3, Serikali iliamua kujenga vyumba vya madarasa 15,000: vyumba 12,000 vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi. Kazi ilifanyika kwa miezi michache, kwa kiasi kikubwa na mafundi wa mitaani waliosimamiwa na kamati za wananchi na halmashauri. Huo ulikuwa ushindi wa watoto wetu.

Lakini tuuhesabu ushindi huo kwa jicho la mkufunzi. Kila chumba kilikuwa na msingi, kuta, lenta, paa, lipu na sakafu, yaani mtaala mzima wa uashi na useremala, umewekwa mbele ya macho katika kata. Laiti kila eneo la ujenzi lingelazimishwa kupokea wanachuo wawili tu wa ujenzi kwa kila chumba, vijana 30,000 wangekuwa wamejenga angalau chumba kimoja ambacho hakitabomolewa. Hesabu hii haihitaji fedha mpya. Inahitaji mstari mmoja katika mkataba na mtu wa kuusimamia. Hata vyuo vya wilaya vyenyewe vinapojengwa, ukuta wa kwanza wa chuo ndio unaopaswa kuwa somo la kwanza la chuo.

Tusisahau pia shule iliyo kubwa kuliko vyuo vyote, yaani fundi wa mtaani na saidia fundi wake. Huko kazi ni halisi na lawama ni halisi. Lakini kijana anaweza kubeba karai la zege miaka minne na asiruhusiwe kushika pimamaji, kwa sababu siku atakayoijua kazi ndiyo siku ambayo fundi atapoteza kibarua rahisi. Huo ni unyonyaji mdogo unaofanana na ule mkubwa. Utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambao kwa huo fundi aliyejifunzia mtaani hupimwa na kupewa cheti, ni hatua njema, lakini unamtambua yule aliyekwisha jua. Aliyenyimwa ujuzi bado amebaki na karai kichwani.

Hoja za wanaopinga

Wapo watakaosema kwamba kumpa mwanafunzi jengo la umma ni kuhatarisha maisha. Hoja hii inastahili heshima. Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lilianguka Dar es Salaam na kuua watu 36, na hakuna kada mwenye akili timamu atakayetaka mzaha na nguzo. Jibu ni kupanda ngazi kwa kipimo. Muhula wa kwanza abomoe, ili mkono uzoee. Baada ya hapo apewe uzio, choo cha shule, kisha nyumba ya mwalimu. Zege la nguzo na la sakafu ya ghorofa libaki mikononi mwa fundi mkuu na mhandisi, naye mwanafunzi awepo, aulize na aelezwe.

Wengine watasema kwamba vijana watageuzwa vibarua wa bure. Hiyo ni kweli ikiwa tutarudia kosa la msaragambo usio na mafunzo. Kwa hiyo posho yao iandikwe katika mkataba, na siku ambayo hakuna somo isihesabiwe kuwa siku ya mafunzo.

Yanayopaswa kufanyika

Kwanza, ukuta wa kubomoa ubaki kuwa mlango wa mafunzo tu, na mwanachuo asihitimu bila kuwa na sehemu ya jengo linalotumika na wananchi.

Pili, mtihani wa mwisho ufanywe na masika. Ukuta wa mwanachuo ukaguliwe tena baada ya mvua za Machi hadi Mei, mbele yake mwenyewe, mbele ya fundi aliyemsimamia na mbele ya wanaoutumia. Palipopasuka aeleze kwa nini na atengeneze.

Tatu, vyuo vya pwani vifundishe ujenzi wa pwani: chumvi, mchanga, matumbawe, na chokaa kama udongo wa kujengea wenye kanuni zake. Wazee wachache wanaoijua kazi hiyo waitwe vyuoni wakiwa walimu, na walipwe kama walimu.

Nne, matawi ya Chama yaliyo karibu na ujenzi wa umma yaulize katika vikao vyao swali moja: nani anajifunza hapa? Kuulizia mifuko ya saruji iliyopotea tumezoea. Ujuzi unaopotea haujawahi kuwa ajenda.

Hitimisho

Ndugu, ukosoaji huu unatuhusu sisi wakufunzi wa siasa kabla ya kuwahusu walimu wa karakana. Sisi pia tunajenga kuta za kubomoa. Semina ya siku tatu, maazimio yanayosomwa kwa sauti, makofi, halafu kila mtu anarudi kwake na hakuna tawi linalobadilika: huo ni ukuta wa chokaa uliobanduliwa mchana ule ule. Nami nakiri kwamba nimefundisha umoja wa nadharia na vitendo kwa miaka mingi kabla sijashika mwiko hata siku moja.

Siku ile katika karakana niliomba mwiko, nikapanga kozi moja. Haikunyooka. Vijana walicheka kwa adabu, na mmoja wao akaisahihisha akinieleza kila tofali. Kisha akaibomoa pamoja na ya kwake, kwa sababu saa ilikuwa imefika. Kijana yule alikuwa tayari kujenga choo cha shule, na shule zinazohitaji vyoo zipo. Kuvikutanisha vitu hivyo viwili ndiyo kazi ya siasa.